Pumzi Hukaa Wapi?

Mwaka uliopita katika darasa langu la wakatekumeni alikuwamo mzee mmoja mwenye tabia ya kuuliza maswali. Wazee wa namna hiyo humtoa katekista jasho, lakini darasa lisilo nao ni darasa la kusinzia. Siku ile nilikuwa nimesimulia jinsi Mungu alivyomfinyanga mtu wa kwanza kwa udongo, akampulizia pumzi puani. Mzee akainua fimbo yake, maana yeye hainui mkono, akasema: "Mwalimu, pumzi hiyo aliyopuliziwa iliingia ikakaa wapi? Tumboni ama moyoni? Kwa maana mimi nikipanda kutoka ziwani mpaka huku Kadutu, moyo ndio unaogonga, na nikilala tumbo ndilo linalopanda na kushuka. Kifua changu sioni kikifanya kazi kubwa."

Watu wakacheka. Mimi nami nilicheka kidogo, kisha nikanyamaza, kwa kuwa mzee alikuwa ameutazama mwili wake vizuri kuliko wengi wetu tuliokaa shuleni miaka. Nikamwambia nitamjibu Jumapili ya pili. Jibu lenyewe limekuwa refu, nami nimeona niliandike hapa, maana ndani yake limo jambo lililotupata mimi na mama wa watoto wangu, ambalo nisingependa limpate mzazi mwingine.

Nilipokuwa seminari ndogo tulikuwa na padri aliyetufundisha elimu ya viumbe. Vyombo hakuwa navyo vingi. Siku ya somo la mapafu alikuja na chupa kubwa ya plastiki iliyokatwa kitako, kibofu kibichi cha mbuzi alichokipata kwa mchinjaji, na kipande cha mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli. Kibofu alikifunga kwenye ncha ya mrija, akaushusha ndani ya chupa, akaziba mdomo wa chupa kwa nta ya mishumaa iliyobaki sakristia, hata pasibaki njia ya hewa ila ule mrija tu. Kitako akakiwamba kwa mpira, kama mtu awambavyo ngozi juu ya ngoma. Kisha akauliza: "Nani awezaye kukijaza kibofu hiki bila kukipuliza?" Tukatazamana. Yeye akaushika mpira katikati, akauvuta chini. Kibofu kikavimba. Akauachia, kikanywea. Akavuta tena, kikavimba tena. Hakukigusa kibofu hata mara moja.

Basi mapafu yetu ni kile kibofu. Pafu lenyewe halina nguvu ya kujipanua, wala halijui kuivuta hewa. Limekaa ndani ya kifua kama mgeni ndani ya nyumba. Nyumba ikipanuka, nalo hupanuka, na hewa ya nje hukimbilia ndani kwa kuwa nafasi imeongezeka. Ule mpira wa chini, ndio kazi yote. Kwa Kiswahili huitwa kiwambo, nami hulipenda jina hilo, kwa sababu kweli kimewambwa: ni msuli mpana, mwembamba, uliotandazwa chini ya mapafu kutoka mbavu za upande huu mpaka za upande huu, ukikitenga kifua na tumbo. Ukiwa umepumzika umebinuka juu kama bakuli lililofunikwa. Ukikaza, hushuka na kulala bapa. Katika pumzi za utulivu hushuka sentimita moja au mbili tu. Mtu akivuta kwa nguvu zote huweza kushuka hata sentimita kumi.

Sasa kiwambo kikishuka, matumbo yaliyo chini yake yaende wapi? Husukumwa mbele. Ndiyo maana mzee wetu aliona tumbo likipanda. Pumzi haimo tumboni, lakini tumbo ndilo linaloonyesha kwa nje kazi inayofanyika juu yake ndani.

Mbavu nazo zina sehemu yao. Kati ya ubavu na ubavu imo misuli midogo inayoziinua. Tazama mkono wa ndoo ulioanguka ubavuni mwa ndoo: ukiuinua, huenda juu na tena huenda nje. Mbavu hufanya vivyo hivyo, kifua kikawa kipana. Mtu anayepanda ngazi za Kadutu na gunia la makala mgongoni hutumia zote, mpaka na misuli ya shingo inayovuta mbavu za juu kabisa. Utaiona imesimama kama kamba.

Kutoa pumzi ni jambo jingine. Msomaji aketiye akisoma ukurasa huu hafanyi kazi yoyote ili kuitoa pumzi. Kiwambo hulegea, mapafu yaliyokuwa yamenyooshwa hurudi kama mpira urudivyo, na hewa hutoka yenyewe. Kazi ni ya kuvuta tu. Lakini ukitaka kupuliza moto, kukohoa, kupiga filimbi, au kuimba, hapo misuli ya tumbo huitwa kazini, ikayasukuma matumbo juu yakisukume kiwambo.

Kwaya yetu ilinisumbua sana kabla sijalielewa hilo. Waimbaji wangu wa sauti ya kwanza walikuwa wakiinua mabega hadi masikioni kabla ya kila mstari, kisha katikati ya mstari wanaishiwa, wanavuta pumzi mahali ambapo hapana koma wala nukta. Niliwagombeza miezi miwili bure. Halafu nikawaambia kila mtu aweke kiganja chini ya mbavu, apumue bila kuinua mabega mpaka kiganja kisukumwe nje, kisha aimbe huku akiiachia hewa polepole kama mtu anayeshusha mzigo kwa kamba. Mama mmoja akaniuliza: "Mwalimu, ni adabu hiyo, kutoa tumbo nje kanisani?" Nikamjibu kwamba chini ya kitenge hakuna atakayeliona. Wavuvi wetu wa sambaza walijua mambo haya kabla yangu. Wasikilizeni jioni wakipiga makasia kuelekea katikati ya ziwa, jinsi wimbo unavyokatwa pale pale kasia linapoinuka.

Ndani ya mapafu kuna nini? Nendeni kwa mchinjaji mkayashike ya mbuzi. Ni mepesi, yanabonyea kama sifongo, na ukiyatupa majini huelea. Njia ya hewa ikiingia humo hugawanyika kama mti uliopinduliwa: shina moja, matawi mawili, kisha madogo na madogo zaidi, mara zaidi ya ishirini, mpaka kwenye vifuko vidogo vidogo. Katika mtu mzima vifuko hivyo ni zaidi ya milioni 300. Kama ungeweza kuvifungua vyote na kuvitandaza, vingefunika mita za mraba zipatazo 70, sakafu ya kikanisa cha kijijini. Kila kifuko kimezungukwa na mishipa ya damu iliyo myembamba kuliko unywele, na hapo ndipo penye soko lenyewe: damu hutua mzigo wake wa hewa ukaa, huchukua oksijeni, huondoka. Katika hewa tuvutayo oksijeni ni sehemu 21 kwa 100. Katika hewa tutoayo bado zimo 16 hivi. Wengi hudhani tunaimaliza. Sivyo, na ndiyo sababu pumzi ya mtu huweza kumwokoa mwenzake akipuliziwa mdomoni.

Mtu mzima aliyetulia huvuta nusu lita hivi kwa mara moja, mara 12 mpaka 20 kwa dakika. Fanya hesabu, utaona kwa siku nzima ni zaidi ya mara 17,000, na nyingi kati ya hizo hazikumbuki. Amri hutoka penye kisogo, pale ubongo unapoungana na uti wa mgongo, ikapita shingoni kwa mishipa miwili ya fahamu mpaka kwenye kiwambo. Mtu aliyevunjika shingo juu kabisa huweza kufa kwa kukosa pumzi, hali mapafu yake ni mazima. Kiwambo kikishtuka chenyewe bila amri ndiyo kwikwi.

Mwaka 1952 ugonjwa wa polio uliingia Copenhagen, mji mkuu wa Denmark, nao ukalaza misuli ya kupumua ya watu wengi, hasa watoto. Mashine za kuwasaidia zilikuwa chache mno. Daktari mmoja jina lake Bjørn Ibsen akashauri watobolewe kooni, watiwe mrija, na hewa isukumwe ndani kwa mkono kwa mfuko wa mpira. Wanafunzi wa udaktari, mamia kwa mamia, wakakaa kwa zamu kando ya vitanda, usiku na mchana, majuma mengi, wakiminya na kuachia, wakiminya na kuachia. Watoto wengi walioonekana wa kufa waliishi. Nikilisoma jambo hilo hufikiri juu ya vijana wale, kwamba mkono wa kila mmoja wao ulikuwa kiwambo cha mtu mwingine.

Nifike sasa kwenye jambo lililotupata.

Mtoto wetu wa pili alikuwa na miezi 14. Ilikuwa majira ya mvua, naye alikuwa na kikohozi siku tatu, na homa. Tulisema ni mafua, kama watoto wote wa mtaa. Usiku wa tatu mama yake akaniamsha. "Baba, mtoto anapumua vibaya." Nikamwambia pua imeziba. Hakuridhika. Akaleta taa, akamfungua nguo, akanionyesha kifua. Chini ya mbavu, kila mtoto alipovuta pumzi, nyama iliingia ndani, kukawa na shimo, mahali ambapo ingepasa kutoka nje. "Tazama," akasema, "anavutwa ndani." Nami, niliyesoma kibofu cha mbuzi seminari, nilitazama nisione. Mvua ilikuwa ikinyesha, njia ya kushukia barabarani ni ya utelezi, na giza. Nikasema tungoje kupambazuke.

Karibu na saa kumi za usiku pumzi zake, zilizokuwa zikienda mbio kama za mbwa aliyewinda, zikaanza kupungua. Nikamwambia mama yake: "Unaona? Amepoa." Tukashukuru. Mimi nikalala. Yeye hakulala.

Kulipopambazuka midomo ya mtoto ilikuwa na rangi ya majivu. Tukamfunga mgongoni, tukashuka mbio mpaka dispensari. Muuguzi, mama wa makamo, hakuuliza maneno mengi. Alimfungua nguo, akatoa saa yake, akamtazama mtoto kimya dakika nzima. Nakiri kwamba nilikasirika moyoni, nikiona anachezea saa wakati mtoto wangu anakufa. Kisha akauliza:

"Usiku alikuwa akipumua hivi?"

"Hapana, mama, usiku zilikuwa za mbio sana. Alfajiri akapoa."

Akanitazama. "Hakupoa, papa. Amechoka."

Akamtia kipimo kidogo kidoleni, kile kinachosoma kiasi cha oksijeni katika damu. Kwa mtu mzima wa afya hapa kwetu kingesoma 95 hivi au zaidi. Kilisoma 78. Akampa dawa ya kwanza pale pale, akaita mwenye pikipiki, akaandika karatasi, nasi tukaenda hospitali.

Huko mtoto aliwekwa mrija mwembamba wa oksijeni puani. Ile mashine inayoichuja oksijeni kutoka katika hewa inataka umeme, nao umeme wa mji wetu kila mtu anaujua. Ulipokatika jioni wauguzi wawili walikuja mbio wakibingirisha chupa ndefu ya chuma, wakaubadilisha mrija kabla hata sijajua la kusema. Usiku ule nilihesabu pumzi za mtoto mpaka nikapotewa na hesabu, nikaanza tena. Siku ya nne alilia kwa sauti kubwa akidai ndizi. Mama wa kitanda cha pili akapiga vigelegele, maana mtoto asiye na pumzi hawezi kulia hivyo.

Baadaye daktari alinieleza, na maneno yake nayaandika kama nilivyoyaelewa. Nimonia ni vile vifuko vidogo kujaa maji na usaha. Kifuko kilichojaa hakipokei hewa, tena pafu lote huwa gumu, halinyooki kwa urahisi. Basi mtoto hana budi kupata hewa yake kwa vifuko vilivyobaki. Hawezi kuvuta pumzi kubwa, kwa hiyo huvuta nyingi ndogo. Ndizo mbio zile. Tena kiwambo chake huvuta kwa nguvu sana ili kulinyoosha pafu gumu, na kwa kuwa mbavu za mtoto mdogo bado ni laini, zaidi gegedu kuliko mfupa, kifua chenyewe hubonyea ndani badala ya pafu kupanuka. Ndilo shimo aliloniona mama yake akinionyesha kwa taa. Mwisho msuli ni msuli. Ukifanya kazi ya siku mbili bila kupumzika, huchoka kama mguu wa mtu aliyepanda mlima. Kiwambo kikichoka, pumzi hupungua, na mzazi mjinga husema mtoto amepoa. Mzazi huyo nilikuwa mimi.

Kuhesabu ni hivi. Mtoto awe ametulia, asiwe analia wala kunyonya. Fungua nguo, tazama tumbo na kifua, hesabu kila kuinuka kuwa moja, kwa dakika nzima ya saa au ya simu. Msihesabu nusu dakika na kuzidisha kwa mbili, maana watoto hawapumui kwa mpango. Aliye chini ya miezi miwili, pumzi 60 au zaidi ni hatari. Wa miezi miwili hadi kutimiza mwaka, 50 au zaidi. Wa mwaka mmoja hadi kutimiza mitano, 40 au zaidi. Na mtoto ambaye nyama ya chini ya mbavu inaingia ndani, au pua zake zinapanuka kila anapovuta, au anashindwa kunyonya, huyo apelekwe hata kama hesabu yake ni ndogo, hata kama mvua inanyesha. Namba hizi nimeziandika kwa makala ukutani nyumbani kwetu, nyuma ya mlango.

Hospitali waliniuliza pia tunapikia wapi. Nikasema nje, ila siku za mvua tunaingiza mbabula ndani. Daktari hakunigombeza, aliandika tu. Ndani ya njia za hewa mna vinyweleo vidogo mno vinavyopepea mchana kutwa na kusukuma uchafu na makohozi juu kuelekea kooni. Moshi huvidhoofisha, na mtoto akaaye mgongoni mwa mama juu ya jiko huvuta moshi kuliko sisi tulioketi barazani tukingoja chakula.

Lakini mbabula ina neno jingine baya kuliko moshi, nami nalijua tangu ujana. Nilipotoka seminari tulipanga chumba kimoja vijana wanne. Usiku mmoja wa baridi tuliingiza mbabula yenye makala mekundu, yasiyotoa moshi hata kidogo, tukafunga mlango na dirisha, tukalala kwa raha. Mwenzetu mmoja akaamka kwenda haja. Alifika mlangoni, akaufungua, akaanguka hapo hapo, miguu nje na kichwa ndani. Kuanguka kwake ndiko kulikotuponya, kwa sababu mlango ulibaki wazi. Asubuhi tuliamka na vichwa vinavyopasuka, mmoja akitapika, na miguu haikututii. Majirani walisema ni uchawi.

Makala yakiwaka mahali pasipo hewa ya kutosha hutoa hewa ya sumu iitwayo kabonimonoksaidi. Haina harufu, haina rangi. Damu huipenda kuliko oksijeni zaidi ya mara 200, hata ikishaishika haiiachii upesi, basi oksijeni inabisha hodi na viti vyote vimekaliwa. Na jambo la kutisha ni kwamba mtu haoni dhiki. Hapa msomaji ajaribu kitu kidogo: aizuie pumzi yake. Baada ya muda kifua kitamlazimisha kuvuta. Atadhani ni oksijeni iliyokwisha, lakini sivyo. Ni hewa ukaa iliyojikusanya katika damu, hiyo ndiyo inayopiga kengele kule kisogoni. Ndani ya chumba chetu hewa ukaa tuliendelea kuitoa kama kawaida, kengele haikulia, tukawa tunakufa usingizini kwa starehe.

Vijana wanaoogelea ufukoni hucheza mchezo unaotokana na jambo hilo hilo, bila kujua. Hushindana nani atakaa chini ya maji muda mrefu, na kabla ya kuzama huvuta na kutoa pumzi kubwa za haraka mara nyingi. Hudhani wanajaza oksijeni. Hawaongezi cha maana. Wanaifukuza hewa ukaa, yaani wanaifunga kengele mdomo. Huko chini oksijeni huisha kabla kengele haijalia, na kijana huzimia ndani ya maji. Nimewakataza vijana wa parokia yetu, na sijui kama wamenisikia.

Ndugu zetu wa upande wa kaskazini wa ziwa, huko Goma na Sake, wana adui mwingine tena, nao wamempa jina ambalo wataalamu wa dunia nzima sasa wanalitumia: mazuku. Ardhi ile ni ya volkano, na katika nyufa zake hutoka hewa ukaa nyingi. Hewa hiyo ni nzito kuliko hewa ya kawaida mara moja na nusu, kwa hiyo hutiririka kama maji yasiyoonekana, ikajaa katika mabonde madogo na mashimo. Mtu mzima aliyesimama huweza kupita salama, huku mbuzi wake au mtoto wake, ambaye pua yake iko karibu na ardhi, anaanguka. Usiku na alfajiri, wakati upepo umelala, ndipo huwa mbaya. Jua na upepo huitawanya. Wenyeji huonyana: ukiona panzi, ndege na panya wamekufa bondeni, usishuke, hata kumfuata mbuzi wako. Ikiwa hewa hiyo ni nyingi sana, kengele yenyewe hupiga, lakini imechelewa. Pumzi chache tu, mtu ameanguka, na anayekwenda kumwinua huanguka juu yake.

Katika vilindi vya ziwa letu la Kivu pia hewa ukaa imeyeyuka kwa wingi mno, pamoja na methani, na uzito wa maji ndio unaoizuia kule chini. Tarehe 21 Agosti 1986 ziwa dogo la Nyos, katika nchi ya Kameruni, liliitema hewa yake kwa ghafula wakati wa usiku, na zaidi ya watu 1,700 walikufa vijijini, wengi ndani ya nyumba zao. Ndiyo sababu ziwa letu huchunguzwa na wataalamu. Upande wa Rwanda, karibu na Kibuye, tangu mwaka 2016 methani yake huvutwa na kuchomwa kwa kutoa umeme. Nimewasikia watu wakisema ziwa litalipuka kesho. Sisemi hivyo, wala wataalamu hawasemi hivyo. Nasema tu kwamba tunakaa juu ya pumzi kubwa kuliko zetu.

Kuhusu moyo wa mzee kugonga akipanda, hilo nalo lina sababu yake. Ziwa lenyewe liko mita 1,460 hivi juu ya bahari, na Kadutu ni juu zaidi. Hewa ya hapa ni nyepesi. Katika kila pumzi tunapata oksijeni pungufu kwa asilimia 15 hivi kuliko mtu wa Mombasa au wa Dar es Salaam. Juu ya kilele cha Kahuzi, mita 3,308, hubaki theluthi mbili. Mwili hujitengenezea chembe nyekundu za damu zaidi, moyo hupiga upesi zaidi, na mtu aliyezaliwa hapa hata hajui. Ila akizeeka, kilima humkumbusha.

Jumapili niliyoahidi nilimweleza mzee haya yote, nikiwa na chupa, kibofu na mpira, kama padri wangu. Alivuta mpira mwenyewe mara nyingi, akifurahi kama mtoto. Halafu akaniomba nimtajie zile namba polepole, kwa kuwa hajui kusoma, akazirudia: sitini, hamsini, arobaini. Kila Jumapili alizirudia mlangoni, badala ya salamu.

Mwezi wa tatu baadaye alikuja nyumbani kwangu asubuhi. Mjukuu wake wa miaka miwili alikuwa na kikohozi. Mzee alikuwa ameazima simu ya jirani, akamwambia kijana wa nyumbani aitazame dakika, na yeye akamtazama mtoto tumbo. Pumzi 52. Wazazi walisema tungoje kupambazuke, maana ilikuwa saa nne za usiku na barabara haina taa. Mzee akachukua fimbo yake na kwenda kusimama njiani, akasema yeye anatangulia. Wakamfuata. Mtoto alipewa dawa, wala hakuhitaji mrija wa oksijeni, na siku ya tano alikuwa akicheza uani.